Daktari akiua kwa uzembe, anafungwa? Soma hii kabla hujaanzisha hashtag

Unajua vile huanza. Saa nane za usiku unaongezwa kwenye kundi jipya la WhatsApp. Picha iliyowekwa juu ni ya binamu yako, ile ya graduation. Jumanne alienda hospitali kujifungua. Leo ni Alhamisi na hayupo.

Kufikia asubuhi, kabla hata kamati ya mazishi haijapata mwekahazina, mjomba mmoja ameandika: "Hao madaktari lazima washikwe." Watu arobaini wanaweka emoji ya moto. Shangazi anauliza kama kuna mtu anayejua mtu DCI. Saa sita mchana tayari kuna hashtag.

Halafu wanakugeukia wewe, kwa sababu ndiwe uliyesoma. "Hebu tuambie, sheria inasemaje?"

Jibu fupi ni ndiyo, daktari anaweza kushtakiwa. Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 202, inazungumzia kuua bila kukusudia, na uzembe mkubwa unaosababisha kifo umo ndani hata kama hukupanga kumdhuru mtu. Adhabu ya juu kabisa, chini ya kifungu cha 205, ni kifungo cha maisha. Kuna pia kifungu cha 243 ambacho wengi hatukijui. Hicho kinamtaja waziwazi anayempa mtu matibabu au kumfanyia upasuaji kwa uzembe unaohatarisha maisha, na kinamweka kapu moja na dereva anayeendesha gari ovyo barabarani. Hapo si lazima mtu awe amekufa.

Lakini soma pia kifungu cha 240. Kinamkinga daktari aliyefanya upasuaji kwa nia njema, kwa ustadi na uangalifu unaostahili, hata kama mambo yaliharibika mezani.

Kwa hivyo swali ambalo korti itauliza si kama binamu yako alikufa mikononi mwa daktari. Itauliza alikufa kwa uzembe wa aina gani.

Hebu tulitazame kwa macho ya barabarani. Dereva wa matatu akigusa bampa ya gari lingine kwenye foleni ya Waiyaki Way, amekosea na atalipa. Dereva huyo huyo akiwa amelewa, akipita taa nyekundu na abiria 14 ndani, hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Wote wawili ni wazembe. Mmoja tu ndiye unayetaka kumwona kizimbani.

Mstari huo ulichorwa na Bunge la Mabwana la Uingereza, lililokuwa korti ya juu kabisa huko, mwaka 1994 katika kesi ya daktari wa nusukaputi aitwaye Adomako. Mgonjwa alikuwa akifanyiwa upasuaji wa jicho, mrija wa hewa ukachomoka kwenye mashine, na daktari akakaa dakika kadhaa bila kugundua. Mgonjwa akafa. Korti ilisema ili uzembe uwe jinai, lazima uwe umepita kiasi, ubaya wake ufike mahali ambapo kulipa fidia pekee hakutoshi. Sisi tulirithi sheria yetu ya jinai kutoka kwa Waingereza, na ndiyo maana kesi hiyo bado inasumbua vichwa vya mawakili wa huku.

India nayo ililipiga muhuri wazo hilo mwaka 2005. Mahakama yao ya Juu, katika kesi ya Jacob Mathew, ilisema daktari asiburutwe kwenye korti ya jinai kwa malalamiko tu ya mtu binafsi, bila daktari mwingine mwenye ujuzi kutoa maoni kwamba kweli hapa palikuwa na uzembe uliokithiri.

Wengine wanasema huo ni ujanja wa madaktari kulindana. Nitarudi hapo.

Kwanza wacha tuangalie wale waliofungwa, maana wapo.

Conrad Murray unamjua hata kama jina lake halikukai kichwani. Ndiye aliyekuwa daktari wa Michael Jackson, kwa ahadi ya dola 150,000 kila mwezi. Juni 25, 2009, Jackson alikufa baada ya kupewa propofol, dawa ya kumlaza mgonjwa chumba cha upasuaji, ila yeye alikuwa akipewa chumbani kwake nyumbani ili apate usingizi. Hakukuwa na mashine za kutosha za kumfuatilia. Msaada wa dharura ulichelewa kuitwa, na walipofika wahudumu wa ambulensi, Murray hakuwaambia habari ya propofol. Novemba 2011 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na akapewa miaka minne. Alitoka Oktoba 2013, hata miwili haijaisha.

Christopher Duntsch wa Dallas hakubahatika hivyo. Alikuwa daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo. Katika miaka kama miwili aliwaumiza wagonjwa 33 kati ya 38 aliowapasua. Wawili walikufa na wengine wakabaki wamepooza. Mwaka 2017 alifungwa maisha. Kinachoniudhi katika kesi yake ni hospitali moja iliyomwacha ajiuzulu kimya kimya, bila kumripoti, akaenda kupasua watu kwingine. Hakuna mkurugenzi wa hospitali aliyefungwa naye.

Hao wawili ni rahisi. Hata madaktari wenyewe hawawatetei.

Sasa njoo kwa kesi iliyogawanya Uingereza nzima, na ambayo ningependa uifikirie kwa makini kabla ya kuandika "washikwe".

Februari 18, 2011, mvulana wa miaka sita mwenye Down syndrome alipelekwa hospitali ya Leicester Royal Infirmary. Alikuwa akitapika, anaharisha, anahema kwa shida, mwili umelegea. Daktari aliyempokea anaitwa Hadiza Bawa-Garba, aliyekuwa bado katika mafunzo ya udaktari wa watoto. Alikuwa amerudi kazini karibuni kutoka likizo ya uzazi ya zaidi ya mwaka. Siku hiyo aliyepaswa kusaidiana naye hakuwepo. Daktari mkuu wa zamu alikuwa mji mwingine akifundisha. Mfumo wa kompyuta wa hospitali ulikwama kwa saa nyingi, kwa hivyo majibu ya damu yakawa ya kufuatwa kwa simu.

Bawa-Garba alidhani ni ugonjwa wa tumbo na upungufu wa maji. Alimwekea maji, akatuma vipimo, akaagiza eksirei. Picha ya eksirei ilikuwa tayari mapema lakini hakuitazama hadi saa tisa alasiri, na hapo ndipo alipoona nimonia na kuandika antibiotiki. Maambukizi yalikuwa yameshasambaa kwenye damu. Jioni mtoto alipewa dawa yake ya kawaida ya moyo, ambayo kwa hali aliyokuwa nayo haikufaa, na daktari hakuwa ameandika wazi kwamba isitolewe. Moyo ukasimama. Katika purukushani ya kumwokoa, Bawa-Garba alimchanganya na mtoto mwingine aliyekuwa na maagizo ya kutofufuliwa, akawaambia wenzake waache, kisha kosa likagunduliwa na wakaendelea. Mtoto alikufa usiku huo.

Soma tena aya hiyo ukiwa mama ya mtoto. Halafu isome ukiwa daktari uliye peke yako kwenye zamu, wodi imejaa, kompyuta imekufa.

Novemba 2015 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia kwa uzembe uliokithiri. Alipewa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa, maana yake hakuingia jela. Jopo la nidhamu lilimsimamisha kazi kwa mwaka mmoja. Baraza la madaktari la Uingereza likaona hiyo haitoshi, likaenda Mahakama Kuu, na Januari 2018 akafutwa kabisa kwenye sajili. Hapo ndipo moto ulipowaka. Madaktari walichanga mtandaoni zaidi ya pauni 300,000 za kumlipia mawakili. Agosti mwaka huo, Mahakama ya Rufaa ilimrudisha.

Mamake mtoto hakuwahi kukubali kwamba huyo arudi wodini. Mimi siwezi kumlaumu. Wala sidhani kwamba madaktari waliochanga pesa walikuwa wabaya.

Kilichofuata kinatuhusu hata sisi. Madaktari vijana Uingereza walianza kuogopa kuandika makosa yao kwenye kumbukumbu za mafunzo, wakihofia siku moja maandishi hayo yatasomwa kortini. Serikali ililazimika kuunda jopo la kutathmini sheria hiyo upya.

Daktari anayeogopa kusema "hapa nilikosea" hawezi kumfundisha anayekuja nyuma yake.

Ngoja, kuna ya muuguzi pia. Desemba 2017, katika hospitali ya chuo kikuu cha Vanderbilt huko Tennessee, RaDonda Vaught alitumwa kumpa mama wa miaka 75 dawa ya kutuliza wasiwasi kabla ya kupigwa picha. Kabati la dawa la kielektroniki halikuileta ile aliyotafuta. Akalazimisha lifunguke, akaandika herufi mbili za mwanzo, VE, na akachukua dawa nyingine inayoanza hivyo hivyo. Hiyo ilikuwa ya kupooza misuli, hata ile ya kupumulia. Kifuniko kilikuwa na onyo. Dawa aliyotakiwa kutoa ni ya maji, hii ilikuwa ya unga wa kuchanganywa, na bado hakustuka.

Mgonjwa alikufa. Vaught alikiri mara moja, hakuficha chochote. Hospitali ndiyo iliyonyamaza: ililipana na familia kwa makubaliano ya siri, na mpasuaji maiti wa serikali hakuambiwa kuhusu dawa. Siri ilitoka mwaka uliofuata, mtu asiyejulikana alipowatonya wakaguzi. Mwaka 2022 aliyesimama kizimbani alikuwa muuguzi peke yake. Alipata hatia, akapewa miaka mitatu ya uangalizi nje ya jela.

Aliyekiri ndiye aliyeshtakiwa. Fikiria ujumbe huo unavyosikika kwa wauguzi wengine.

NA HAPA KWETU?

Machi 2018 huna haja nikukumbushe, ingawa kama ulikuwa bado shule ya msingi nitakukumbusha. Katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, wanaume wawili waliletwa, mmoja akihitaji kupasuliwa kichwa kuondoa damu iliyoganda, mwingine akiwa na uvimbe tu usiohitaji kisu. Vitambulisho vilichanganywa. Madaktari walifungua fuvu la asiyehitaji, wakatafuta kwa saa kadhaa, damu wasiione.

Hospitali ilisema mgonjwa huyo anaendelea vyema. Daktari, wauguzi wawili na mhudumu wa nusukaputi wakasimamishwa, na Waziri wa Afya wa wakati huo, Sicily Kariuki, akamtuma afisa mkuu wa hospitali likizo ya lazima. Wenzake wa yule daktari waliandamana. Hoja yao ilikuwa kwamba aliyepasua si aliyembandika mgonjwa jina.

Mtandaoni watu walitaka pingu. Ila jiulize ungemfunga nani: aliyeandika kitambulisho, aliyempokea mgonjwa kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, aliyemlaza, aliyeshika kisu, au aliyeendesha hospitali ambayo watu wote wanne wangeweza kupitwa na jambo kama hilo?

Na usifikirie kwamba serikali yetu haijui kushtaki. Muuguzi mmoja aliyekuwa na kliniki ndogo nje ya Nairobi alishtakiwa kwa mauaji, si kuua bila kukusudia, baada ya mwanamke mjamzito kufariki mwaka 2009 ndani ya gari la muuguzi huyo, akikimbizwa hospitali. Serikali ilidai alijaribu kumtoa mimba. Yeye alisema mwanamke alifika kwake tayari anavuja damu na alikuwa akijaribu kumwokoa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilimhukumu kifo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikamwachilia, ikisema ushahidi haukutosha.

Miaka mitatu akiwa na hukumu ya kifo kichwani. Na familia ya yule mwanamke, baada ya miaka minane, ilibaki na nini?

Hapo ndipo shida ya kesi ya jinai ilipo. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe bila shaka yoyote kwamba uzembe wa mtu huyu, si ugonjwa wala ukosefu wa damu benki wala ambulensi iliyochelewa, ndio uliomuua mgonjwa. Kesi ya madai inahitaji kidogo zaidi: korti ikiona kuna uwezekano mkubwa kwamba uzembe ulitokea, inakupa fidia. Muda wake ni miaka mitatu, na ukilala umelala.

Sasa narudi kwa ile hoja ya madaktari kulindana. Sitasema ni uongo. Anayetoa ushahidi kwamba daktari amezembea ni daktari mwingine, na Kenya ni ndogo: walisoma pamoja, wanakutana kwenye kongamano lile lile Mombasa. Ukweli ni kwamba watu wetu wanataka pingu kwa sababu hakuna anayewaeleza kilichotokea. Unafika wodini asubuhi, kitanda kimetandikwa, unaambiwa "tulijaribu". Faili huoni. Daktari huoni. Unaonyeshwa bili. Kwa hali hiyo hata mimi ningetaka mtu ashikwe.

Lakini usimwache yule anayestahili pingu ajifiche nyuma ya huruma hii. Daktari aliyekuwa amelewa kazini. Aliyekuacha ukivuja damu wodi ya umma akaenda kliniki yake ya kibinafsi. Anayepunguza watu mafuta kwenye chumba cha kukodi kwa sababu TikTok imempa wateja. Aliyebadilisha maandishi kwenye faili baada ya kifo. Na hospitali inayokataa mgonjwa wa dharura kwa sababu ya amana, hali Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaifanya hospitali yenye uwezo ikikataa kuwa imetenda kosa. Mwaka 2015 mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, kisha akafa. Hao wa aina hiyo, sawa, tukutane kortini.

Daktari bandia naye usimweke kwenye hesabu hii kabisa. Huyo si daktari aliyezembea, ni mhalifu aliyevaa koti jeupe. Kumbuka yule wa Githurai aliyenaswa na kamera mwaka 2015. Leseni ya daktari unaweza kuiangalia kwenye tovuti ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), inachukua muda mfupi kuliko kuagiza Bolt.

SASA UFANYE NINI

Anza na kujua aliyekuhudumia ni nani hasa. Kila mwenye koti jeupe tunamwita "daktari", lakini KMPDC inashughulikia madaktari, madaktari wa meno na hospitali zenyewe. Afisa wa kliniki ana baraza lake, muuguzi ana lake. Watu hupoteza miezi wakilalamikia baraza lisilo na mamlaka juu ya mtu wao.

KMPDC inaweza kuita faili, kumhoji daktari, kumsimamisha, kumtoza faini, kumrudisha mafunzoni au kumfuta. Hiyo si jela, ila mtu aliyesoma miaka sita akipoteza leseni amepoteza maisha yake yote. Na matokeo ya baraza, yakikuelekea, ni silaha nzuri kwa wakili wako wa kesi ya fidia, na hata kwa Kiongozi wa Mashtaka ya Umma.

Polisi nao nenda, upate nambari ya OB. Kukiwa na utata kuhusu kilichoua, hakimu anaweza kufanya uchunguzi wa kifo kortini kabla mtu yeyote hajashtakiwa. Ni njia ya polepole, lakini mashahidi wanaitwa na kuulizwa maswali hadharani, jambo ambalo wodini hukulipata.

Rekodi za matibabu omba kwa maandishi, tena mapema. Usitegemee kuambiwa. Andika pia yako wewe mwenyewe: nani alisema nini, saa ngapi, zamu ya nani. Piga picha kila karatasi uliyopewa, hata risiti ya glavu. Baada ya wiki mbili za matanga kichwa hakikumbuki.

Lakini kuna moja ambayo ikikupita, mengine yote huwa kazi bure. Upasuaji wa maiti.

Najua hakuna anayetaka kusikia hilo. Utaandika kwenye kundi, na kwa dakika kumi hakuna atakayejibu. Kisha mjomba yule yule wa "washikwe" ataandika kwamba marehemu ameteseka vya kutosha, tusimkatekate. Mwingine atakumbusha kwamba jeneza limeshalipiwa na basi la Ijumaa limekodiwa. Kwa familia za Kiislamu, ambako maziko hayangoji, una saa chache tu za kuamua.

Mjibu kwa heshima. Mwambie kwamba bila ripoti ya mpasuaji, hospitali itasema moyo ulisimama, na ni kweli, moyo wa kila maiti umesimama. Mwambie familia inaweza kuleta mpasuaji wake ashuhudie akiwa na yule wa serikali. Mwambie mochari inaweza kusubiri siku mbili na basi linaweza kusogezwa hadi Jumamosi. Akikataa, mpigie simu mama ya marehemu au mumewe moja kwa moja, kwa sababu neno la mwisho ni lao, si la kundi. Fanyeni hivyo kabla ya Ijumaa, maana mkishazika, kumfukua binamu yako kutahitaji amri ya korti.